Chagua Kikundi Utakachofanyia Kazi: Mwongozo wa Kujenga Mtandao wa Biashara

Wafanyabiashara wengi tumejificha nyuma ya methali moja: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nachapa lebo na vifungashio, na kwa miaka kadhaa nilijiambia kwamba kazi ikiwa safi wateja watakuja wenyewe. Walikuja kweli, lakini walikuwa walewale na jamaa zao. Chema hujiuza pale kilipoonekana, na lebo nzuri iliyofungiwa karakanani haimwiti mtu. Baadaye nikaangukia kosa la pili: nikawa nahudhuria kila mkutano, droo ikajaa kadi za watu, na nikipata shida sikuwa na hata mmoja kati yao wa kumpigia simu.

Kilichonitoa hapo ni jambo moja, na mwongozo huu wote umesimama juu yake. Mtu hukukabidhi kazi yake akishakuona ukitimiza ulichoahidi, hata kiwe kidogo na hakihusiani na biashara yako. Kwa hiyo unapochagua kikundi, usiishie kuuliza mna nani humo. Uliza pia: humo nitafanya nini, watu wakiniona?

Hatua ya 1: Jua mteja wako anapita wapi kabla hajakufikia

Kaa na karatasi kabla ya kuomba fomu yoyote ya kujiunga. Usiandike "nataka wateja", maana kila mtu anawataka. Andika mnunuzi wako huwa anahangaika na nini wiki mbili kabla ya kukuhitaji, na wakati huo anazungumza na nani.

Nitakuonyesha karatasi yangu. Anayeanza kutengeneza sabuni ya maji haanzi kwa kutafuta lebo. Kwanza hutafuta malighafi, halafu manukato na rangi, halafu chupa na vifuniko. Chupa zikishapangwa sakafuni ndipo anapotambua kwamba hazina jina. Maana yake muuza chupa anamjua mteja wangu kabla yangu, tena anamjua akiwa ameshatoa pesa na ana haraka. Mhasibu aliyemsaidia kusajili biashara naye anamjua mapema. Msafirishaji anakutana naye baada yangu, kwa hiyo huyo mimi ndiye wa kumpelekea wateja.

Gawa karatasi yako sehemu tatu: wanaonunua kwako, wanaokutana na mnunuzi kabla yako, na wanaoijua kazi yako kuliko wewe. Watu wengi hujaza sehemu ya kwanza tu, halafu wanaishia kwenye vikundi vilivyojaa wauzaji wenzao wanaomtafuta mnunuzi yuleyule. Kwangu mimi sehemu ya pili ndiyo iliyolipa, na nadhani kwa biashara nyingi ndogo ni hivyohivyo. Muuza chupa mmoja anayekuamini atakuletea watu kwa miaka.

Hatua ya 2: Fahamu kila aina ya kikundi ina desturi gani

Vikundi vinafanana kwa nje: viti, utambulisho, picha ya pamoja. Ndani kila kimoja kina adabu yake, na ukikosea adabu unaharibu jina kabla hujafahamika.

Kuna vikundi vya kupeana wateja. Kinachojulikana zaidi duniani ni BNI, kilichoanzishwa na Ivan Misner huko California mwaka 1985. Huko kila fani huwa na mtu mmoja tu katika tawi, mnakutana kila wiki, na unatarajiwa kuwaletea wenzako wateja nawe uletewe. Kuzungumzia biashara waziwazi si kosa, ndicho mlichokujia. Vinamfaa mtu ambaye huduma yake inaeleweka kwa sentensi moja na anayeweza kuamka mapema kila wiki bila kukosa.

Kuna vilabu vya kuhudumia jamii. Rotary ilianzia Chicago tarehe 23 Februari 1905, pale wakili Paul Harris alipokutana na wenzake watatu: mhandisi wa migodi, mfanyabiashara wa makaa ya mawe na fundi cherehani. Jina lilitokana na desturi yao ya kuzungushia mikutano katika ofisi za wanachama. Siku za mwanzo walipeana biashara bila kificho, lakini haikuchukua muda klabu ikageukia huduma. Leo ukiingia humo ukigawa vipeperushi utaonekana hujui ulipo. Mahusiano ya biashara yanakuja, ila yanakuja yakizunguka: mmechimba kisima pamoja, mmekaa kamati moja, mmejuana tabia.

Chemba za biashara ni za kale zaidi. Ya Marseille, Ufaransa, ilianzishwa mwaka 1599. Nguvu yake ni kuwasemea wafanyabiashara mbele ya serikali, kutoa mafunzo, na kukukutanisha na makampuni makubwa. Usitegemee mtu wa chemba akufahamu kwa jina usipoingia kwenye kamati. Vyama vya kitaaluma navyo vinakupa watu wa sehemu ya tatu ya karatasi yako: wanaokufundisha, na wanaokutumia kazi iliyowazidi.

Aina ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote: duara dogo la watu wasiozidi dazeni, mliloliunda wenyewe. Mfano wake bora ni wa mchapaji mwenzangu. Mwaka 1727, huko Philadelphia, Benjamin Franklin alikuwa na umri wa miaka 21 alipowakusanya rafiki zake wakawa wanakutana kila Ijumaa jioni. Kikundi chao kilichoitwa Junto kilikuwa na fundi vioo, mpima ardhi, fundi viatu, seremala na karani wa mfanyabiashara. Walikuwa na maswali waliyoyapitia kila kikao, na mengine ni ya kibiashara kabisa: nani ameanza biashara karibuni anayestahili kuinuliwa, na sisi tunaweza kumsaidiaje? Ni nani anayefanikiwa, na kwa njia gani?

Franklin alipofungua karakana yake, mwanachama mwenzake aliyekuwa akinakili hati aliwapatia yeye na mshirika wake kazi ya kuchapa karatasi 40 za kitabu cha historia ya Waquaker, dhehebu moja la Kikristo. Wakajiwekea kumaliza karatasi moja kwa siku. Usiku mmoja herufi za kuchapia zilizokwisha kupangwa zikaporomoka na kuchanganyika, Franklin akazipanga upya papo hapo kabla ya kulala. Majirani walikuwa wanaona taa. Katika klabu nyingine ya wafanyabiashara, wengine walikuwa wakibashiri kwamba karakana hiyo itakufa, akasimama daktari mmoja akasema kwamba kila akitoka klabuni usiku anamkuta kijana huyo bado kazini, na asubuhi anaanza kabla majirani hawajaamka. Muda mfupi baadaye mwanachama mmoja wa klabu hiyo akajitolea kumpa karatasi na vifaa vya ofisi auze kwa mkopo. Na mshirika wake alipotaka kujitoa, wanachama wawili wa Junto ndio waliomkopesha fedha za kubaki na karakana. Franklin hakuwa hata ndani ya chumba alimosifiwa. Kazi yake ndiyo iliyokuwamo.

Hatua ya 3: Nenda kama mgeni, mara mbili

Vikundi vingi hukaribisha wageni bila malipo au kwa mchango mdogo. Nenda mara mbili kabla ya kulipa ada, kwa sababu mara ya kwanza kila mtu anakuonyesha meno. Fika robo saa kabla ya muda. Kwa watu wenye haya hiyo ndiyo dawa: ukumbi ukiwa na watu watano, mazungumzo yanakufuata wenyewe, ukichelewa unakuta mafungu yameshafungana migongo na huna pa kuingilia. Ukishindwa kabisa pa kuanzia, msaidie anayepanga viti au anayeandikisha majina mlangoni. Atakujulisha kwa kila anayeingia.

Ukiwa hapo, angalia mambo ambayo hayamo kwenye kipeperushi. Mkutano ukifungwa, watu wanabaki wakizungumza au wanakimbilia mlango? Anayezungumza ni mwenyekiti peke yake? Mwanachama akitaja shida yake, kuna anayetoa kalamu na kuandika?

Kisha mtafute mwanachama mwenye mwaka mmoja hivi, si kiongozi, umuulize kwa upole: "Dada, samahani, mara ya mwisho kupata kitu cha maana kupitia hapa ilikuwa lini, na kilikuwa kitu gani?" Msikilize vizuri. Akikupa kisa chenye mtu na kazi halisi, kikundi kina uhai. Akikuambia "fursa ni nyingi sana" na asitaje hata moja, umeshajibiwa.

Uliza pia kuhusu pesa, wala usione aibu: katiba ipo? Ada inalipwa kwa stakabadhi? Mweka hazina anasoma taarifa mara ngapi kwa mwaka? Kikundi safi kitafurahia swali hilo. Na kama faida unayoahidiwa inategemea wewe kuleta watu wengine watakaolipa kiingilio, chukua mkoba wako uondoke. Huo ni mtego wa piramidi hata ukivalishwa suti, na utakaowapoteza humo ni watu waliokuamini.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya saa, uchague viwili

Watu hupiga hesabu ya ada wakasahau muda. Mkutano wa dakika 90 kila wiki, kwa wiki 50, ni saa 75. Ongeza saa moja ya kwenda na kurudi kila mara, unafika saa 125. Hizo ni zaidi ya siku 15 za kazi zenye saa nane. Hapo hujafuatilia mtu hata mmoja, na kufuatilia ndiko kwenye faida. Ndiyo maana nasema viwili: kimoja ambamo wamo watu wa sehemu ya pili ya karatasi yako, na kingine cha watu wasiofanana nawe kabisa.

Hicho cha pili wengi hukidharau. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha matokeo ya kuwauliza wafanyakazi wa kitaalamu, karibu na Boston nchini Marekani, jinsi walivyopata kazi kupitia watu wanaowajua. Waliosaidiwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walisaidiwa na mtu wa kuonana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 na mtu wa nadra. Sababu yake unaielewa ukiifikiria: rafiki yako wa kila siku anajua yale unayoyajua wewe. Habari mpya inatoka kwa anayeishi katika duara jingine. Uchunguzi wa LinkedIn, mtandao wa intaneti wa watu wa kazi na biashara, uliochapishwa mwaka 2022, uliohusu watumiaji zaidi ya milioni 20, uliongeza jambo zuri: waliosaidia zaidi hawakuwa wageni kabisa, walikuwa wa ukaribu wa wastani, mtu ambaye mna watu kadhaa mnaowafahamu wote wawili. Kikundi cha kila mwezi kinazaa watu wa namna hiyo hasa.

Hatua ya 5: Jitambulishe kwa kazi, si kwa cheo

Zamani nilikuwa nikisimama na kusema: "Mimi ni mkurugenzi wa kampuni inayotoa huduma bora za uchapishaji kwa wateja wa aina zote." Watu walipiga makofi, wakakaa, wakanisahau. Sasa nasema: "Nachapa lebo za chupa za sabuni na mafuta, zisizobanduka zikilowa. Ukimsikia mtu analalamika kwamba lebo zake zinavuliwa na maji ya bafuni, nikumbuke."

Sentensi ya pili ndiyo yenye kazi. Inampa msikilizaji sauti ya kuisikilizia huko mtaani. Tafuta lalamiko ambalo mteja wako hulisema kwa mdomo wake kabla hajajua dawa yake, ulitumie kama lilivyo.

Halafu nyamaza uulize kuhusu mwenzako. Swali langu la kudumu ni hili: "Mteja mzuri kwako ni mtu wa namna gani, nikimwona nimjue?" Sijawahi kukutana na mfanyabiashara aliyechoka kulijibu.

Hatua ya 6: Chukua jukumu ambalo hakuna anayelitaka

Hapa ndipo nilipopoteza miaka miwili. Nilikuwa mwanachama wa kikundi kimoja kizuri, nahudhuria, nalipa, nakaa safu ya tatu, narudi nyumbani. Sikupata kazi hata moja nikaanza kukilaumu kikundi. Siku moja katibu aliugua, ikaulizwa nani ataandika kumbukumbu za kikao, ukumbi ukawa kimya. Nikainua mkono kwa sababu kimya kile kilikuwa kinaniumiza.

Niliandika, nikazituma usiku uleule kabla ya saa nne, kila azimio likiwa na jina la mhusika na tarehe yake. Nikafanya hivyo mwezi uliofuata, na uliofuata. Mwezi wa nne alinipigia mzee mmoja mwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya nywele, ambaye hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu.

"Wewe ndiye unayetutumia kumbukumbu usiku uleule?"

"Ndiyo mzee, shikamoo."

"Marahaba. Basi lebo zangu hutazichelewesha. Njoo kesho uone chupa."

Hakuniuliza sampuli wala hakutaka kujua nina mashine gani. Alikuwa ameshaniona kazini miezi minne. Tangu hapo, mtu akiniuliza ajiunge wapi, namrudishia swali: ni wapi utaweza kubeba jukumu moja ukalitimiza bila kukosa? Orodha ya mahudhurio, mapokezi ya wageni, kumtafuta mzungumzaji wa mwezi ujao. Chagua moja dogo. Ukichukua matatu ukashindwa mawili, umejitangaza vibaya mbele ya watu wote kwa mpigo.

Hatua ya 7: Fuatilia kabla kumbukumbu haijapoa

Ukitoka mkutanoni, kabla ya kuwasha gari au kupanda basi, andika nyuma ya kila kadi mambo mawili: mlizungumza nini, na uliahidi nini. Kesho yake tuma ujumbe mfupi unaotaja jambo lenyewe. Kwa mfano:

"Habari za asubuhi kaka. Ni mimi wa lebo, tulikaa pamoja jana. Ulisema unatafuta mtu wa kurekebisha mashine ya kufungia vifuniko. Yupo fundi ninayemtumia miaka mitatu sasa. Nimwambie akupigie, au nikupe namba umtafute mwenyewe?"

Ujumbe huo haukuuza chochote, na ndiyo sababu utajibiwa. Wasio na la kusaidia mara moja, watafute baada ya mwezi ukiwa na habari inayowahusu: mafunzo, mnunuzi, badiliko la kanuni. Daftari la kurasa chache linatosha. Mimi nina watu 30 ninaowazungushia, kila mmoja namtafuta angalau mara moja katika miezi mitatu.

Kuhusu kuwakutanisha watu, sheria ni mbili. Waombe ruhusa wote wawili kwanza, kila mmoja kwa wakati wake. Na usimpeleke mtu ambaye hujaiona kazi yake kwa macho. Nilishamwelekeza mteja wangu kwa fundi niliyemfahamu kwa maneno yake matamu ya mkutanoni. Alichukua malipo ya awali, akaanza visingizio, simu ikawa haipatikani. Mteja alipata hasara, na ingawa hakunitukana, hakurudi tena kwangu. Ningemwelewa hata kama angenitukana. Siku hizi mtu ambaye sijamjaribu namtaja kwa kusema wazi: "Namfahamu kwenye kikundi, sijawahi kumpa kazi, mchunguze."

Hatua ya 8: Magrupu ya simu

Grupu la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, na lenye wengi hivyo huwa soko lenye wauzaji watupu. Usitangaze kila siku. Jibu maswali ya fani yako kwa ukamilifu, mtu akiuliza gundi gani inashika kwenye plastiki laini, mjibu kama unayemlipisha. Wanaosoma kimya ni wengi kuliko wanaoandika, na hao ndio wanaokuja faragha. Zaidi ya hapo, zima sauti ya magrupu mengine.

Hatua ya 9: Jikague kila miezi sita

Fungua daftari ujibu maswali haya kwa maandishi. Ni watu wangapi humo ninaoweza kuwapigia leo bila kujieleza mimi ni nani? Nimewapelekea nini? Wameniletea nini? Nimejifunza nini ambacho nisingekipata kwingine? Usiangalie mauzo peke yake katika miezi sita ya kwanza, kwani kuaminika kunachukua muda mrefu kuliko huo. Lakini kama umebeba jukumu mwaka mzima, umefuatilia watu, na bado huna hata watatu wa kuwapigia, kikundi si chako. Hakuna ubaya.

Ondoka kama ulivyoingia, mchana kweupe. Mwandikie katibu barua fupi, lipa ada unayodaiwa, na umkabidhi mwenzako kazi yako ikiwa kamili. Mimi nilipohama kikundi kile nilikabidhi faili la kumbukumbu za miezi 26, zimepangwa kwa tarehe, na orodha ya simu iliyosahihishwa. Aliyenipokea ni binti mmoja mwenye duka la manukato. Wiki ya pili alinipigia kuuliza maazimio ya mwezi wa tatu yako ukurasa gani, na kabla ya kukata simu akaniuliza kama nachapa na vibandiko vya chupa ndogo.